Rubavu Ndani ya Gisenyi, Gisenyi Ndani ya Rubavu: Tahakiki ya Migresheni za Safu katika Viunzi vya Programu za Wavuti

Ikisiri

Makala hii ni tahakiki ya migresheni, yaani mafaili ya maagizo ambayo viunzi vya programu za wavuti hutumia kubadili safu za majedwali ya hifadhidata. Uhakiki umejengwa juu ya mifano miwili kutoka Rwanda: mageuzi ya mipaka ya utawala ya mwaka 2006, yaliyoishusha Gisenyi kutoka mkoa hadi umurenge, na kuondolewa kwa kipengele cha ubwoko katika vitambulisho baada ya mwaka 1994. Hoja kuu ni kwamba migresheni hutunza historia ya umbo la jedwali bila kutunza historia ya maana ya safu. Kwa sababu hiyo, haiwezi kutofautisha safu ambayo taifa linapaswa kuikumbuka na safu ambayo taifa limeamua isirudi. Makala inapendekeza kwamba uamuzi wa kubadili safu zinazohusu raia usiachwe mikononi mwa mwandishi wa programu peke yake.

Maneno muhimu: hifadhidata, migresheni, safu, mipaka ya utawala, Gisenyi, sera ya data

1. Utangulizi

Rwanda ilipokuwa imegawanywa katika perefegitura na komini, Rubavu ilikuwa mojawapo ya komini za Gisenyi. Tangu Januari 2006 mambo yamepinduka. Gisenyi sasa ni umurenge mmoja kati ya imirenge 12 ya Wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi. Kilichokuwa ndani kimekuwa nje, na kilichokuwa nje kimeingia ndani. Zaidi ya hayo, Wilaya ya Rubavu ina umurenge mwingine unaoitwa pia Rubavu, na wenyeji wanaendelea kuuita mji wao Gisenyi hata pale ambapo nyumba zake zimevuka mipaka ya umurenge wenye jina hilo.

Mwenyeji hababaishwi na hali hii. Mzee akisema kwamba alizaliwa Gisenyi, msikilizaji huelewa kwa kuzingatia umri wake na jambo linalozungumzwa kama anataja mkoa wa zamani, mji ulio kando ya Ziwa Kivu, au umurenge wa leo. Jedwali la hifadhidata halina msaada huo. Ndani yake neno "Gisenyi" ni herufi saba zilizo katika safu fulani, na maana yake hutegemea safu hiyo iliitwaje, ilianza lini, na nani aliibadili.

Swali hili lina uzito kwa watu wa aina tatu. Wa kwanza ni raia anayetafuta uthibitisho wa mahali alipozaliwa, ambaye hati yake ya zamani inataja sehemu isiyomo tena katika orodha ya kuchagua. Wa pili ni mtafiti anayelinganisha sensa ya mwaka 2002, iliyofanyika chini ya mgawanyo wa zamani, na zile za mwaka 2012 na 2022, zilizofanyika chini ya mgawanyo mpya. Wa tatu ni mshauri wa sera anayesoma jumla ya wagonjwa au wanafunzi wa "Gisenyi" na kutakiwa kupendekeza bajeti. Wote watatu hutegemea uamuzi ambao mara nyingi ulifanywa na mtu mmoja, katika faili lenye mistari isiyozidi ishirini.

2. Migresheni na mafanikio yake

Kabla ya migresheni kuenea, safu za jedwali zilibadilishwa kwa mkono. Fundi aliingia katika seva, akaandika agizo la kuongeza au kufuta safu, kisha akaendelea na kazi nyingine. Aliyemfuata hakuwa na njia ya kujua ni nini kilichobadilika wala lini. Nakala ya hifadhidata iliyokuwa ofisini na ile iliyokuwa katika seva kuu ziliweza kutofautiana kwa miezi bila mtu kugundua.

Viunzi vya programu za wavuti vilileta nidhamu katika kazi hiyo. Ruby on Rails, kilichotolewa hadharani mwaka 2004, ndicho kilichoieneza zaidi desturi ya kuandika kila badiliko katika faili lake. Kwa watumiaji wa Django, kazi hiyo ilifanywa kwanza na programu ya nyongeza iliyoitwa South, iliyoanzishwa na Andrew Godwin mwaka 2008, kabla ya migresheni kuingizwa katika kiunzi chenyewe kwa toleo la 1.7 la mwaka 2014. Laravel, kilichoanza mwaka 2011, kinafuata mkondo huohuo. Faili la migresheni hutaja jedwali, safu na sifa zake: ni ya maandishi au ya namba, ina urefu gani, inaruhusiwa kuachwa wazi au la. Mara nyingi huwa na sehemu mbili, moja ya kwenda mbele na nyingine ya kurudi nyuma. Kiunzi nacho huweka jedwali dogo la kumbukumbu linaloonyesha ni mafaili yapi yamekwisha kutekelezwa.

Mafanikio haya si madogo. Taasisi inayofuata utaratibu huu inaweza kuijenga upya hifadhidata yake kuanzia jedwali la kwanza, hatua kwa hatua, na kupata umbo lilelile Rubavu, Kigali au Nairobi. Mkaguzi anaweza kusoma mfululizo wa mafaili na kuona ni lini safu fulani iliongezwa. Hata hivyo, kinachohifadhiwa ni historia ya umbo. Faili husema kwamba safu ya wilaya ni ya maandishi yasiyozidi herufi mia moja. Halisemi neno lililomo ndani ya safu hiyo lilimaanisha eneo gani mwaka 2003 na linamaanisha eneo gani leo.

3. Badiliko kubwa lisilo na migresheni

Mageuzi ya mwaka 2006 yalipunguza mikoa ya Rwanda kutoka 12 hadi 5, ukihesabiwa pamoja na Jiji la Kigali. Wilaya zilipungua kutoka 106 hadi 30, na imirenge kutoka 1,545 hadi 416. Ni vigumu kupata, katika historia ya karibuni ya Afrika Mashariki, badiliko lililogusa kwa kina namna hiyo majina ya mahali katika kumbukumbu za serikali.

Mfano wa kubuni unatosha kuonyesha tatizo. Jedwali la wanafunzi lililoundwa mwaka 2003 lina safu tatu: mkoa, wilaya na umurenge. Inapofika Januari 2006, mwandishi wa programu anatazama kama kuna safu ya kubadili. Hakuna. Mkoa bado unaitwa mkoa, wilaya bado inaitwa wilaya, na umurenge vilevile. Aina ya data ni ileile na urefu ni uleule. Kiunzi, kikiulizwa kama kuna tofauti kati ya jedwali na maelezo yake, kitajibu kwamba hakuna. Maana ya karibu kila thamani iliyomo imebadilika, na historia rasmi ya jedwali haina hata mstari mmoja unaolieleza jambo hilo.

Kinachofuata kwa kawaida ni marekebisho ya haraka. Agizo moja hubadili kila "Gisenyi" iliyo katika safu ya mkoa kuwa "Magharibi", na jingine hujaza "Rubavu" katika safu ya wilaya. Agizo la kwanza linaweza kutetewa kwa ujumla wake. La pili ni kosa. Mkoa wa zamani wa Gisenyi haukuhamia mzima katika wilaya moja. Sehemu zake leo zimo katika Rubavu, Nyabihu, Ngororero na Rutsiro, na baadhi ya wilaya hizo zilichukua pia maeneo ya mikoa mingine ya zamani. Mwanafunzi aliyeandikwa "Gisenyi" mwaka 2003 huenda anatoka mahali ambapo leo pako Ngororero. Agizo lililomhamishia Rubavu limefuta ushahidi pekee uliokuwapo, kwa kuwa thamani mpya imeandikwa juu ya ile ya zamani.

Hali hii si ya Rwanda peke yake. Kenya iliacha mikoa 8 na kuanza kutumia kaunti 47 baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Tanzania iliongeza mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, kisha Songwe mwaka 2016. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitoka mikoa 11 hadi 26 mwaka 2015. Katika kila nchi, jina la zamani liliendelea kutumika likiwa na maana nyingine: Mwanza ya baada ya Geita si Mwanza ya kabla yake, ingawa safu ni ileile na herufi ni zilezile.

4. Maswali ambayo kiunzi huuliza

Inaweza kusemwa kwamba maana si kazi ya kiunzi. Uchunguzi wa namna viunzi vinavyofanya kazi unaonyesha kwamba tayari vinafanya maamuzi ya maana, ila vinayafanya katika umbo la maswali ya kiufundi.

Mfano wa kwanza unatoka Django. Safu moja inapotoweka katika maelezo ya jedwali na nyingine inayofanana nayo ikatokea, kiunzi humwuliza mwandishi kama safu ya kwanza imebadilishwa jina kuwa ya pili. Akikubali, data hubaki na jina jipya. Akikataa, safu ya zamani hufutwa pamoja na vyote vilivyomo, na mpya huundwa ikiwa tupu. Jibu linalochukuliwa pale mwandishi anapobonyeza tu kitufe cha kuendelea ni la kukataa. Swali lenyewe ni la maana kabisa, kwa kuwa linauliza kama kitu hiki kipya ndicho kile cha zamani. Kuhusu komini ya Rubavu na Wilaya ya Rubavu, hilo ni swali la mwanahistoria na la mwanasheria. Kiunzi kinalitaka jibu la ndiyo au hapana, kutoka kwa mtu ambaye huenda alikuwa mtoto mwaka 2006.

Mfano wa pili ni wa thamani ya kujazia. Mtu akiongeza safu isiyoruhusiwa kuachwa wazi katika jedwali lenye mistari tayari, Django humtaka ataje thamani moja itakayowekwa kwa mistari yote iliyopo. Safu ya umurenge ikiongezwa katika jedwali la wagonjwa, ni thamani gani itakayowafaa wote kwa pamoja? Mwenye haraka huandika neno lolote ili kazi iendelee. Baada ya miaka mitano, neno hilo huonekana katika takwimu kama mahali halisi palipo na wagonjwa wengi kupita kiasi.

Mfano wa tatu unatoka Laravel. Tangu toleo la 11 la Machi 2024, anayebadili safu analazimika kutaja upya kila sifa anayotaka ibaki, na asiyoitaja huondolewa. Safu iliyokuwa inaruhusiwa kuachwa wazi itapoteza ruhusa hiyo iwapo mwandishi atakusudia kurefusha maandishi tu na kusahau mengine. Kanuni hii ina sababu zake za kiufundi, na inamlazimu mwandishi kuwa mwangalifu. Hata hivyo inaufanya usahaulifu kuwa agizo, jambo ambalo mshauri wa sera anapaswa kulifahamu kabla ya kuamini kwamba badiliko lililoelezwa kuwa dogo ni dogo kweli.

5. Somo kutoka OpenMRS

OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa kwa ushirikiano wa Regenstrief Institute na Partners In Health, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, na Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, mwaka 2006. Ni mwaka uleule wa mageuzi ya mipaka. Mfumo huu umejengwa kwa lugha ya Java na hutumia Liquibase kutunza mabadiliko ya majedwali. Kwa hiyo, historia ya safu zake inaweza kusomwa na yeyote anayetaka.

Jedwali la anwani za watu lilikuwa na safu zenye majina ya ngazi za utawala, mojawapo ikiitwa "neighborhood_cell", jina linalokumbusha seli, ngazi ambayo kwa Kinyarwanda huitwa akagari. Baadaye safu hiyo ikabadilishwa jina kuwa "address3" na kurefushwa, na nyingine za aina yake zikapewa namba vilevile. Sababu inaeleweka. Mfumo ulikuwa ukienea katika nchi nyingi, na hakuna jina moja la ngazi linaloweza kuzifaa Rwanda, Kenya, Haiti na Afrika Kusini. Safu isiyo na maana maalumu haitahitaji kubadilishwa jina tena.

Suluhisho hili lina gharama yake. Maana haikutoweka, ilihama. Jibu la swali kwamba safu ya tatu ya anwani ni akagari au ni kitu kingine sasa liko katika mipangilio ya kila nchi, nje ya mfululizo wa migresheni. Mtafiti anayepewa nakala ya jedwali bila mipangilio hiyo hupewa safu zenye namba tu. Kadhalika, badiliko la mipangilio halihitaji migresheni, na hivyo laweza kufanyika bila kuacha alama katika historia ya jedwali.

OpenMRS hiyohiyo ina mambo mawili yanayostahili kuigwa. La kwanza ni safu inayosema kama tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Wagonjwa wengi wa kanda hii hawajui siku waliyozaliwa, na mfumo haukuwalazimisha kudanganya. Uliweka safu moja kwa ajili ya tarehe na nyingine kwa ajili ya kiwango cha uhakika wa tarehe hiyo. La pili ni kwamba kumbukumbu iliyokosewa kwa kawaida haifutwi. Hubatilishwa, na pembeni yake huandikwa aliyeibatilisha, tarehe na sababu. Safu za mahali zingeweza kutendewa vivyo hivyo: mahali, tarehe ambayo jina hilo lilikuwa sahihi, na uhakika wa ulinganisho kati ya eneo la zamani na jipya. Hakuna ugumu wa kiufundi katika jambo hili. Ni suala la kuamua kwamba linastahili.

6. Safu isiyopaswa kurudi

Mpaka hapa lawama imekuwa kwamba viunzi husahau upesi. Mfano wa pili wa Rwanda unageuza upande wa hoja.

Katika miaka ya 1930 utawala wa kikoloni wa Ubelgiji ulianzisha vitambulisho vilivyotaja ubwoko wa kila mtu. Kipengele hicho kiliendelea baada ya uhuru hadi mwaka 1994. Wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, kitambulisho kilichoonyeshwa katika kizuizi cha barabarani kiliweza kuwa hukumu ya kifo. Gisenyi haikusalimika, na makumbusho ya Commune Rouge katika mji huo yanawakumbuka waliouawa hapo. Vitambulisho vipya vilivyotolewa baadaye havikuwa na kipengele hicho. Kwa lugha ya hifadhidata, safu moja iliondolewa. Kwa lugha ya taifa, huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa na wa kimaadili uliokusudiwa usirudishwe.

Hapa ndipo desturi ya migresheni inapohitaji kuhojiwa kwa ukali zaidi. Viunzi huhesabu uwezo wa kurudi nyuma kuwa sifa njema na kutorudi kuwa upungufu. Rails ina hitilafu maalumu ya kutangaza kwamba migresheni fulani haiwezi kurudishwa, na mwandishi anaweza kuitaja mwenyewe. Akifuta safu huku akiitaja aina yake, kiunzi huweza kuiunda upya bila kuuliza. Katika Django, kuondoa safu hubeba ndani yake njia ya kuirudisha, na mwandishi hahitaji kuiandika. Safu inayorudi kwa njia hiyo huwa tupu, hivyo watu waliokuwa na data ya halali hawapati chochote. Lakini nafasi ya kujaza imerudi, na katika suala la ubwoko, nafasi ya kujaza ndiyo hatari yenyewe.

Aidha, kufuta safu katika jedwali hai si kufuta data. Nakala za akiba za jana na za mwaka jana bado zinayo. Ripoti zilizokwisha kusambazwa bado zinayo. Faili la migresheni lenyewe litabaki na jina la safu hiyo daima katika hazina ya programu. Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha imeweka ulinzi maalumu kwa data nyeti. Taasisi inayojitetea kwamba imetii kwa sababu migresheni ya kufuta safu imetekelezwa imejibu sehemu ndogo tu ya swali.

Kwa hiyo safu ya mkoa wa zamani na safu ya ubwoko zinadai mambo yanayopingana. Ya kwanza isipotee, maana bila hiyo raia hawezi kuthibitisha alikotoka na mtafiti hawezi kulinganisha. Ya pili isirudi. Katika viunzi vyote vilivyotajwa, agizo la kufuta safu ya kwanza na lile la kufuta ya pili ni agizo moja, lenye sarufi moja, linalotofautiana kwa jina la safu peke yake. Hakuna mahali pa kuandika ni kwa amri ya nani, kuanzia lini, na kama kurudi kunaruhusiwa. Upungufu mkuu wa migresheni uko hapa. Ufundi wake ni imara. Kinachokosekana ni mahali pa kuweka uamuzi wa jamii.

7. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba migresheni ni nyenzo tu, na nyenzo haiwajibiki kwa anachokifanya fundi. Jibu limekwisha kuonekana katika sehemu ya nne: nyenzo inayouliza kama kitu kipya ndicho cha zamani, na yenye jibu lililoandaliwa kwa asiyejibu, inashiriki katika uamuzi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Kutunza historia ya maana kunagharimu fedha, muda na wataalamu ambao halmashauri na hospitali nyingi za kanda hii hazinao. Ni kweli, na mifumo mingi midogo haihitaji mzigo huo. Duka linalobadili safu ya bei halina deni kwa historia. Hata hivyo gharama haiepukiki kwa mifumo inayotunza mahali pa kuzaliwa, ardhi, matibabu au elimu. Inaahirishwa tu, kisha hulipwa na mtu asiyekuwa na sauti wakati wa uamuzi. Mwananchi aliye mbele ya dirisha la ofisi, akiambiwa kwamba mahali alipozaliwa hapapo katika orodha, ndiye anayelipa.

Pingamizi la tatu ni la wale wanaoona kwamba mawaziri na wanasheria hawawezi kusoma mafaili ya programu. Kwa sasa ni kweli, na lugha ni sehemu ya sababu. Majina ya safu na maelezo yake huandikwa kwa Kiingereza, hata katika ofisi zinazowahudumia watu kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini urasmi huo bado haujagusa tabaka hili la maandishi ya serikali. Maelezo mafupi ya Kinyarwanda au Kiswahili juu ya kila migresheni inayogusa raia yangewawezesha viongozi kusoma kile wanachokiidhinisha.

8. Hitimisho na mapendekezo

Makala hii imeonyesha kwamba migresheni imefaulu kulitunza umbo na imeshindwa kuitunza maana, na kwamba mageuzi makubwa zaidi ya utawala yanaweza kupita bila kuacha alama katika historia ya jedwali. Mapendekezo manne yanafuata.

Kwanza, kila sehemu ya utawala ipewe namba ambayo haitatumiwa tena kwa sehemu nyingine, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kukoma. Perefegitura ya Gisenyi, mji wa Gisenyi na umurenge wa Gisenyi ni vitu vitatu, na vinastahili namba tatu.

Pili, sheria au amri inayobadili mipaka au makundi ya raia iambatane na jedwali la ulinganisho kati ya vipengele vya zamani na vipya, likiandaliwa na wale wanaoijua mipaka hiyo, kabla ya siku ya utekelezaji. Kazi hiyo ikiachwa kwa mwandishi wa programu, ataifanya kwa kukisia.

Tatu, safu zinazohusu watu zibadilishwe kwa hatua: safu mpya iongezwe, ijazwe, itumike sambamba na ya zamani kwa muda uliokubaliwa, ndipo ya zamani iondolewe kwa idhini ya maandishi. Wahandisi wa mifumo mikubwa hufuata utaratibu huu ili huduma isisimame. Taasisi za umma zina sababu ya ziada ya kuufuata, kwa kuwa muda wa safu mbili kukaa sambamba ndio muda wa kugundua makosa.

Nne, faili la migresheni inayoondoa safu ya aina hiyo litaje uamuzi uliolizaa na lieleze wazi kama kurudi nyuma kunaruhusiwa. Pale kurudi kunapokatazwa, njia ya kurudi iondolewe katika faili, na nakala za akiba zishughulikiwe kwa ratiba inayojulikana.

Kati ya mapendekezo haya, la kwanza na la pili linaweza kuanza bila kusubiri kiunzi chochote kibadilike. Wako bado katika Wilaya ya Rubavu maofisa na wazee wanaojua kilima kipi kilikuwa katika komini ipi, na kiliingia katika umurenge gani mwaka 2006. Ujuzi huo ukiandikwa sasa, utakuwa jedwali la ulinganisho. Ukiachwa hadi wao waondoke, hakuna migresheni itakayoweza kuurudisha.